UPS Sita, na Hakuna Inayojua Habari ya Mwenzake

Ingia ofisi yoyote ya klearingi hapa Mombasa, kati ya Moi Avenue na Kilindini, uchungulie chini ya meza. Utakuta UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima ikikatika, kwa mhasibu, nyingine kwenye seva, na ya tatu iko stoo, inalia tangu asubuhi na hakuna anayejua inalilia nini. Stima ikisumbua tena, mwenye ofisi anaagiza nyingine. Mimi nasema zimetosha. Kabla ya kununua ya saba, ziunganishe hizo ulizo nazo, na kazi hiyo ianzie kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi.

Hapo kwenye swichi ndipo ninapobishana na mafundi wengi wa mji huu. UPS nyingi zina tundu la USB kwa nyuma, na waya wake mara nyingi bado uko ndani ya boksi, haujatolewa hata kwenye nailoni. Chomeka waya huo kwenye kompyuta moja, weka programu ya bure iitwayo Network UPS Tools, au NUT kwa kifupi, na kompyuta hiyo itakuwa msemaji wa UPS ile. Kupitia swichi, kwenye lango namba 3493 (mlango wa mtandao ambao NUT husikilizia), zile mashine nyingine zinamuuliza kila baada ya sekunde chache: stima ipo? Betri imebaki kiasi gani? Betri ikikaribia kuisha, anatangaza, wenzake wanafunga faili na kujizima, kisha naye anafuata. Bila mpango huo ofisi ina mabaharia wengi na haina nahodha.

Sasa chukua swichi iliyochomekwa ukutani moja kwa moja, kama ilivyo katika ofisi nyingi nilizoingia. Stima inakatika, nayo inakufa papo hapo. Habari ya mwisho waliyoipata wale wengine ni kwamba stima ipo, kwa hiyo hakuna anayejizima. Wanachapa kazi kwa betri hadi inakauka, na hifadhidata inakatwa ikiwa katikati ya kuandika. UPS zote zilikuwa nzima, programu ilikuwa imewekwa, na bado hasara imeingia.

Kuna sura ya pili, na hii huwachanganya watu zaidi. Swichi imepewa UPS ndogo ya kudumu dakika tano. Mashine zimesikia kwamba stima imekatika, halafu swichi ikazimika na msemaji akapotea. NUT haibahatishi: UPS iliyoonekana mara ya mwisho ikitumia betri, ikinyamaza kwa muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 15, inahesabiwa kuwa mahututi. Mashine zinajizima zikiwa bado na chaji ya nusu saa. Ofisi inailaumu programu, fundi anaiondoa, tunarudi kulekule. Swichi na rauta havili umeme mwingi. Vipe UPS yenye betri nzuri kuliko zote, viwe vya mwisho kuzimika.

Seva zenye pawasaplai mbili, yaani njia mbili za kuingizia umeme, zinazolishwa na UPS mbili tofauti huelezwa kwenye mipangilio ya NUT kwamba moja inatosha, zisijizime mpaka zote mbili zilegee. Hilo ni suala la mistari michache tu.

Kinachosahaulika ni stima kurudi, na stima ya huku ina tabia ya kwenda na kuja. Mashine zimeshajizima, umeme unarudi kabla UPS haijaisha, na kwa kuwa soketi za UPS hazikukatika hata mara moja, mashine hazijui kwamba ni wakati wa kuamka. Zinalala hadi mtu aje Jumatatu azibonyeze. Dawa ni kuiamuru UPS ikate soketi zake baada ya mashine kuzimika, kisha izifungue stima ikirudi. NUT inaweza kutoa amri hiyo kwa UPS zinazoikubali.

Halafu joto. Betri za risasi na asidi zilizo ndani ya UPS nyingi hupimwa umri kwa nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo kwa karibu nusu. Chumba cha seva kinachozimiwa AC usiku, msimu wa kaskazi, Februari na Machi, hakikai kwenye nyuzi 25. Ukiziona UPS zote kwenye ukurasa mmoja utajua ipi inachoka, ila usiiamini sana ile asilimia ya chaji: betri mbovu huonyesha 100 mpaka siku ibebeshwe mzigo.

Kwa hiyo zijaribiwe kwa kukata umeme kweli. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, uwanja wa ndege wa JKIA nao ulikaa gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka. Ikiwa pale yalitokea, kwetu je? Kila ninapopendekeza tuzime mein swichi Jumamosi alasiri, kazi ikishaisha, najibiwa, "Kijana, wewe umeitwa kuleta stima au kuikata?"

Jambo moja tu nawaomba wenzangu mlionisikia: msifungue lango lile la NUT kwa intaneti ili mzitazame UPS mkiwa nyumbani Nyali. Machi 2022 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa tahadhari kwamba wahalifu wanaziingia UPS zilizo wazi mtandaoni, mara nyingi kwa nywila ileile iliyotoka kiwandani.

Wapo wanaoniambia sola na inveta zimeyamaliza haya yote. Sikubali. Betri ya lithiamu inaishi zaidi, lakini baada ya siku ya mawingu nayo hufika mwisho, na seva isiyoambiwa itazimika vilevile. Inveta nyingi za siku hizi zina tundu la mawasiliano. Muulize muuzaji kama NUT inaielewa hiyo anayokuuzia, na umuulize kabla hujalipa.