Siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa kazi zinahesabiwa kuanzia lini jamani?

Juzi tulikaa jikoni kwa mama mdogo huku Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa saba si mnaijua, tunaota moto na mdogo wangu ananionyesha makaratasi yake ya CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Alikuwa mhudumu kwenye gesti moja hapa mjini, mimba ilipofika miezi mitano akaambiwa biashara mbaya, wanapunguza watu, asante kwaheri. Akaenda mwenyewe kujaza fomu namba moja, ile ya kufungulia mgogoro, akawahi kabisa ndani ya zile siku 30 za kuachishwa kazi, akaandika hawakufuata utaratibu. Basi.

Sasa miezi inapita, ameshajifungua kwa opareshini, anakutana Mwanjelwa na mwenzake wa zamani anaambiwa we hujui tu, wiki ileile aliletwa msichana mwingine, na meneja alisema hataki wenye matumbo pale mapokezi. Hapo ndo akaelewa kumbe ule ulikuwa ubaguzi, anataka auongeze kwenye madai, anaambiwa umechelewa, hata zile siku 60 za migogoro mingine zimeshaisha, omba kwanza kuongezewa muda.

Mi sipingi deadline, bila hivyo kesi zingekuwa haziishi na waajiri nao ni watu. Ila ubaguzi haufanani na mshahara kukatwa. Mshahara ukikatwa unaona siku hiyohiyo, ila ukifukuzwa unajua tarehe tu, sababu yenyewe inabaki ofisini kwa bosi mpaka mtu aropoke. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yenyewe inalijua hilo, kifungu cha 7 kimeutaja ujauzito waziwazi, halafu ukishaonyesha dalili za ubaguzi mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Sasa kama tunakubali siri iko kwake, mbona saa inaanza kugonga kwa yule asiyejua kitu? Mi naona zihesabiwe kuanzia siku aliyojua.

Marekani nako jaji akishapanga ratiba huongezi madai kirahisi, kanuni yao ya 16 ya kesi za madai kwenye mahakama za shirikisho inataka sababu ya msingi, na kinachoangaliwa kwanza ni kama ulifanya bidii. Hiyo naielewa. Huku kwetu mahakama zimeshasema hata siku moja ya kuchelewa uitolee maelezo, haya, lakini mtu aliyetoka opareshini na mtoto mgongoni anakumbukaje Jumanne ya wiki ya pili alikuwa wapi? (Mi mwenyewe Jumanne iliyopita siikumbuki.)

Nikamwambia mdogo wangu usikae, ukishajua tu kimbia, maana kuanzia siku ile ya Mwanjelwa huna tena cha kujitetea. Tumeshapata kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Kuna wiki mbili katikati hazina karatasi yoyote, alikuwa Tukuyu kwa bibi, na bibi anasema yuko tayari kupanda gari aje aseme mwenyewe.