Mnyoo wa migomba: spishi moja au mbili?

Wiki iliyopita upepo uliangusha mgomba wenye mkungu kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha shangazi, Kibosho ya chini, mlimani Kilimanjaro. Nilipasua mzizi wake kwa kisu. Ndani ulijaa mabaka mekundu yanayoelekea weusi, kama damu iliyokauka. Shangazi aliulaumu upepo. Mimi nilimshuku Radopholus similis, mnyoo asiyefika milimita moja, anayetafuna mizizi kwa ndani mpaka mgomba ukose cha kushikilia.

Mtaalamu wa minyoo Cobb alimweleza mnyoo huyu mwaka 1893, kutoka Fiji. Miaka ya 1950 ikabainika kwamba huko Florida anadhoofisha michungwa, ilhali wa migomba kwingineko hakuigusa. Chini ya hadubini walifanana. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walimtenga yule wa michungwa wakamwita Radopholus citrophilus, wakitaja kromosomu, nyuzi zinazobeba vinasaba: tano kwake, nne kwa mwenzake. Sioni kwamba walikurupuka. Mdudu anayedhoofisha zao lisiloguswa na ndugu yake anastahili kutazamwa peke yake, na mkaguzi wa mimea bandarini hufanya kazi kwa majina: lisilo kwenye orodha hupita.

Lakini vinasaba vilipolinganishwa miaka ya 1990, mpaka kati yao haukuonekana, na jina la pili likafutwa. Naona ni sawa. Kupenda chakula fulani hakutoshi kuunda spishi. Ninachopinga ni kuiacha habari ya michungwa ipotee pamoja na jina. Kundi hilo la michungwa liandikwe waziwazi kwenye kanuni za karantini.

Kwetu mlimani, majina yanayohitaji kutenganishwa kweli ni mengine. Radopholus hupenda joto, hivyo husumbua zaidi vihamba vya chini. Juu kwenye baridi anatawala mnyoo mwingine, Pratylenchus goodeyi, naye huacha mizizi yenye madoa yanayofanana sana na haya. Aina ya mgomba inayomhimili mmoja si lazima imhimili mwingine, kwa hiyo anayeleta miche mipya bila kupima mizizi maabara anabahatisha na shamba la mwenzake.

Kwa shangazi kazi ni ileile, awe mnyoo gani. Jumamosi tulimenya machipukizi ya kupanda mpaka yakawa meupe, tukayatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Alihesabu mwenyewe, kwa sauti, sufuria ikifuka moshi.