Mbegu mpya ya manjano: tumfuate mnunuzi yupi?

Mnunuzi wa manjano pale soko la Mwanga, Kigoma mjini, haulizi jina la mbegu. Anachukua kidole kimoja kikavu cha manjano, anakivunja. Kikilia "ta!" kimekauka, kikipinda, kinarudi guniani. Kisha anatazama ndani: rangi ikiwa imekolea kama kiini cha yai la kienyeji, ndipo bei inaanza kuzungumzwa.

Nimemkumbuka kwa sababu ya IISR Surya, mbegu ya manjano kutoka taasisi ya utafiti wa viungo ya India iliyoko Kozhikode, Kerala. Surya inasifiwa kwa jambo ambalo Mwanga lingekuwa kasoro: rangi yake imepauka. Watengenezaji wa masala kule hawataki unga unaoitia weusi michanganyiko yao. Wanataka rangi nyepesi na harufu. Mavuno ni wastani wa tani 29 mbichi kwa hekta, na kurkumini, kile kinachoyapa manjano rangi, ni asilimia 2 hadi 3. Taasisi hiyo hiyo ilitoa Prathibha mwaka 1996, yenye kurkumini ya takriban asilimia 6. Kwa hiyo hata India neno "bora" hutegemea nani ameshika pochi.

Huku kwetu unga wa manjano ukipauka, mteja anahisi umechanganywa na sembe, na mara nyingine hakosei. Muuzaji atatumia siku nzima kujieleza. Kwa soko la rejareja la Kigoma, basi, Surya naiona mzigo. Mwenye mkataba na kiwanda cha viungo anaweza kuhesabu vingine, ila awe na mkataba kweli, si ahadi ya simu.

Hilo halimaanishi tubaki na mbegu za bibi. Mbegu bora tunazijua kupitia michikichi: Tenera, mchikichi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa Kigoma, ni chotara ya aina mbili za michikichi, Dura na Pisifera, na ukiokota kokwa chini ya mti wake ukaotesha, watoto hawatafanana na mama. Manjano hayana mtego huo. Unapanda kipande cha tunguu, lile shina nene la chini ya ardhi, na kinachoota ni mama yule yule. Ukinunua mara moja, mwakani mbegu ni yako, na jirani atakuja kuomba. Kwangu hoja hii ina uzito kuliko tarakimu zote za tani, maana tani hizo ni za mashamba ya India, yenye mbolea na maji yake.

Lakini mlango huo huo hupitisha ugonjwa. Uozo wa tunguu na minyoo fundo, vijinyoo vinavyovimbisha mizizi, husafiri ndani ya kipande kile kile kinachoonekana kizima. Na si mzigo mdogo: ekari moja hula karibu tani nzima ya mbegu. Ndiyo maana mbegu ya kutoka nje lazima ipite kwa wakaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Wapo wanaodhani vipande vitatu kwenye begi la safari havina neno. Shamba la kijiji kizima linaweza kuanza kuoza kwa vipande hivyo vitatu.

Kisha kuna hasara ambayo mbegu haiitibu. Kilo 100 mbichi huleta takriban kilo 20 kavu, na hizo 20 hupona au huharibika kwenye sufuria. Manjano huchemshwa hadi yalainike ndipo yaanikwe, yapate rangi moja ndani na yakauke kwa pamoja. Anayeyakatakata mabichi na kuyaanika chini kando ya barabara, mpe mbegu yoyote ile, mnunuzi atamlalia bei.

Mimi ningetafuta aina iliyokolea rangi, iliyokwisha kukaguliwa, nikaipa matuta mawili mvua za Novemba zikianza, kando ya mbegu yangu ya zamani. Majani yakikauka navuna, nachemsha sufuria moja, naanika, kisha nampelekea yule wa Mwanga vidole vya aina zote mbili bila kumwambia kipi ni kipi.