Skrubu ya rola iguswe mwisho

Waya wa MIG, yaani mashine ya kuchomelea inayojisukumia waya yenyewe, ukianza kukwamakwama, wengi hukimbilia skrubu ya springi inayokandamiza rola, kile kigurudumu kinachosukuma waya. Inakazwa kidogo, waya unatoka, kazi inaendelea. Baada ya muda unakwama tena, skrubu inakazwa tena, mpaka inafika mwisho wa uzi. Halafu mashine inatangazwa kuuzwa kwa kuwa "mota imechoka". Msimamo wangu ni kwamba skrubu hiyo iguswe baada ya vingine vyote, kwa sababu kwenye hizi mashine ndogo za nyumbani mota mara nyingi ni nzima. Kinachoishinda ni msuguano ulioko mbele yake, kwenye laina (mrija unaopitisha waya ndani ya kebo ya tochi, yaani mkono wa kuchomelea) na kwenye tipu (ncha ya shaba yenye tundu ambamo waya hutokea).

Kukaza hakuondoi msuguano, kunaongeza. Rola ikikandamizwa kupita kiasi inaubonyeza waya ukawa bapa, na waya bapa haupiti vizuri kwenye tundu la mviringo. Inaukwangua pia koti lake la shaba. Fungua mlango wa mashine uangalie chini ya rola: ukiona unga mwekundu, waya unakwanguliwa hapo, na sehemu ya unga huo inasafiri nao hadi ndani ya laina. Isitoshe, siku tipu ikiziba kabisa, rola iliyokazwa haiwezi kuteleza. Inaendelea kusukuma, waya unakosa pa kutokea, unajisokota fundo kati ya rola na mdomo wa laina. Rola inayoteleza kidogo waya unapogoma inakuepusha na fundo hilo.

Kwa hiyo anza kwa mkono. Zima mashine, inua mkono wa rola ili waya uwe huru, nyoosha kebo ya tochi sakafuni, kisha vuta waya pale unapotokea kwenye tipu. Waya wa chuma wa 0.8 mm unatakiwa uje kwa vidole viwili bila kutumia nguvu. Ukigoma, fungua tipu, uitoe kwenye waya, uvute tena. Ukija kirahisi, tatizo ni tipu. Ukigoma bado, ukate waya kati ya spuli, yaani gurudumu ulikozungushiwa waya, na rola (shika ncha ya upande wa spuli isifumuke) halafu vuta kipande kilichobaki ndani ya kebo. Kikiwa kigumu, laina ndiyo yenye kasoro. Kikija bila shida, tazama breki ya spuli, au waya uliopandana kwenye spuli yenyewe. Baada ya hapo hakuna haja ya kubahatisha.

Tipu inadharauliwa kwa sababu ni ndogo. Lakini piga hesabu: kilo 5 za waya wa 0.8 mm ni zaidi ya mita 1,200, zote zinapita kwenye tundu moja la shaba. Tundu linalika upande mmoja, linakuwa na umbo la yai, waya unagusa na kuachia, moto unayumba. Au cheche zinaganda mdomoni, waya unasita, moto unapanda na kuuyeyusha waya ukashikana na tipu. Tipu iliyoungua hivyo usiichokonoe kwa sindano ukategemea itakuwa mpya, badilisha. Namba iliyogongwa ubavuni lazima ilingane na waya. Tochi ndogo za aina ya MB15 zinatumia tipu za uzi wa M6, na mimi naona kuwa na 10 za akiba si anasa hata kidogo.

Laina ya waya wa chuma ni springi ndefu ya chuma, na inakusanya vumbi la grainda, kutu na ule unga wa shaba. Kila unapomaliza spuli ya kilo 5, toa tipu, nyoosha kebo, upulize hewa ya kompresa kutokea upande wa mashine. Usitie mafuta kwenye waya, hata yale ya kupuliza ya kopo. Yananasa vumbi, na yakifika kwenye moto yanaleta vitundu kwenye mchomeleo. Ukibadilisha laina, pima urefu kebo ikiwa imenyooka kabisa, na ukishaikata piga tupa ncha yake ili lisibaki jino la kukwangua waya. Laina iliyokatwa fupi inaacha pengo nyuma ya tipu, na waya mwembamba unajikunja hapohapo. Kwa kawaida ya bluu ni ya waya mwembamba wa 0.6 hadi 0.9, nyekundu ni ya 1.0 hadi 1.2.

Rola nazo zina mifereji yake. Mfereji wa V ni wa waya mgumu wa chuma, wenye meno ni wa waya wa fluksi ambao ndani una unga na ukikandamizwa sana unapondeka, wa U ni wa alumini. Rola moja mara nyingi ina mifereji miwili, na waya wa 0.8 uliokaa kwenye mfereji wa 1.0 utateleza hata ukaze vipi. Breki ya spuli haina maneno mengi: ukiachia kitufe, spuli isimame bila waya kulegea.

Sasa ndipo skrubu. Toa klampu ya ethi (kibano cha kurudisha umeme kwenye mashine) kwenye chuma, vaa miwani na glavu kavu, maana waya una umeme. Legeza skrubu mpaka rola iteleze. Elekeza tochi kwenye ubao mkavu kwa umbali wa sentimita chache, bonyeza kitufe, ukaze kidogokidogo mpaka waya ugonge ubao na kujikunja bila rola kuteleza. Hapo acha.

Si kila waya unaosumbua ni kosa la rola, lakini. Waya ukigonga chuma na kukusukuma mkono nyuma, volti ni ndogo kwa kasi uliyoweka, au klampu ya ethi imebana juu ya rangi, au ekstensheni ni ndefu na nyembamba. Waya wa fluksi usiotumia gesi unataka tochi iwe kwenye hasi. Ule mgumu wa gesi unataka chanya.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi inaharibu spuli iliyoachwa ndani ya mashine. Kazi ikiisha, itoe, uifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya silika. Waya ukishika kutu kidogo juu, fumua mpaka ufike unaong'aa. Kutu ikiwa imeingia hadi ndani, tupa spuli nzima, maana laina mpya itachafuka mara moja.

Aliye na pesa ya kitu kimoja tu asinunue spuli ya pili. Anunue tipu, laina ya akiba na rola yenye mfereji unaolingana na waya alionao.