Mwalimu wa historia na swali la sosholojia

Je, mwalimu wa fani nyingine anaweza kufundisha sosholojia, yaani taaluma ya jamii? Kwa miaka mingi mada zake katika kidato cha 5 na 6 zilifundishwa ndani ya somo la General Studies, ile GS ya wanafunzi, na vipindi vyake vilimwangukia mwalimu yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba. Wapo wanaoliona hilo kosa. Wengine husema jamii tunaishi nayo sote, mtaalamu wa nini? Hoja hii ya pili ndiyo inayotutia hofu zaidi.

Chukua darasa la Moshi linalojifunza mgawanyo wa kazi kijinsia. Mwalimu wa historia ataeleza kilimo cha kahawa, kuundwa kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1933 na kupanda na kushuka kwa bei. Hayo ni ya lazima, na mhitimu wa sosholojia asiyeyajua atababaika. Lakini kwa nini fedha ya kahawa ilikuwa ya baba na ya ndizi ikawa ya mama, ilhali vyote vimeota katika kihamba kimoja, yaani shamba la nyumbani la Wachaga? Tarehe hazijibu hilo. Linajibiwa na urithi wa kihamba, unaotoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume.

Mwalimu wa uraia huteleza kwingine: mada ya vijana na pombe inageuka nasaha, na wanafunzi wanajaza daftari kwa "waache". Wa jiografia ana sampuli na majedwali, ila huishia kwenye asilimia. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills alionya mwaka 1959 tusichanganye shida ya mtu mmoja na suala la jamii nzima. Huo ndio mpaka unaopotea.

Mhitimu wa sosholojia naye, bila stashahada ya uzamili ya ualimu, huifanya dakika 40 kuwa mhadhara wa Durkheim, mmoja wa waasisi wa fani hiyo.

Kwa maoni yetu, mwalimu wa fani nyingine anafaa, mradi aanze na kuhesabu. Jumamosi moja, vikundi vya wanafunzi wanne, meza 30 kila kundi, soko la Mbuyuni au Kiborloni, hapo Moshi. Safu tatu tu: jinsia ya muuzaji, bidhaa, aliyetoa mtaji. Maelezo ya "kwa nini" yasubiri darasani, la sivyo wataona walichokwisha kuamini. Safu ya mtaji ijazwe mteja akishaondoka. Mbele ya mteja, muuzaji hatamtaja aliyempa fedha, na kundi litarudi na majibu ya adabu.