Ruzuku ya mayatima: bajeti ipo, tarehe haipo

Kila Juni, Bunge la Kenya linapopitisha Sheria ya Matumizi ya Fedha, mjadala kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha, ikiwemo ya mayatima, huwa mmoja: mgao umepanda au umeshuka? Swali hilo ni halali, ila linapita kando ya mahali mtoto anapoumia zaidi. Mgao unaweza kubaki ulivyokuwa vitabuni, na bado bibi anayelea wajukuu watatu akakaa miezi minne bila kupokea shilingi.

Wanaotaka ruzuku ya mayatima na watoto walio katika mazingira magumu ilindwe kisheria husemwa kwamba wanaomba pesa zaidi. Wizara ya Fedha huwajibu hivyo, na jibu lake lina uzito. Katiba, kifungu cha 214, inaweka deni la umma moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali, kwa hiyo riba hailipwi kwa hiari. Kaunti zina kiwango chao cha chini cha asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu. Mishahara haingoji. Ukitenga na ruzuku hii, kesho watakuja wa dawa na wa karo, na waziri atabaki na sehemu ndogo sana ya kusogeza mapato yanapopungua. Juni 2024, Mswada wa Fedha uliotarajiwa kuleta Sh346 bilioni uliondolewa na matumizi yakabidi kukatwa upya. Mwaka kama huo, fedha zilizofungwa kisheria huhamishia makali yote kwa zile ambazo hazikufungwa. Hilo ni kweli.

Tatizo ni kwamba ruzuku hii tayari imebeba makali hayo, tena bila kura ya mtu yeyote.

Tufuate pesa yenyewe. Bunge likishaidhinisha, idara ya ulinzi wa jamii huandaa orodha ya malipo na kuomba fedha. Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe kutolewa kwake, kisha Wizara ya Fedha iachilie, ndipo zifike kwenye akaunti ya idara, kisha kwa mtoa huduma wa malipo, kama benki, kisha kwa mlezi. Ombi linaweza kukwama popote hapo, na mara nyingi hukwama kwa Wizara ya Fedha kwa sababu akaunti haina kitu wiki hiyo. Hakuna sheria inayosema awamu ya Machi ilipwe lini. Mkandarasi asiyelipwa huenda mahakamani akiwa na mkataba. Mlezi hana mkataba.

Halafu inafika Juni 30. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, idhini ambayo haijatumika hufa mwaka wa fedha unapokwisha. Kwa miaka mingi ruzuku ililipwa Sh4,000 kila miezi miwili, yaani awamu sita kwa mwaka, kabla serikali haijaahidi kulipa kila mwezi. Awamu ya Mei na Juni isipotoka kwa wakati, italipwa kutoka mgao wa mwaka mpya. Basi mgao uliopangiwa awamu sita unalipa deni la moja na awamu tano za mwaka wake, na ya sita inasukumwa mbele tena, labda bajeti ya ziada iiokoe. Kwenye karatasi hakuna kilichopunguzwa. Ndiyo maana ripoti zinazotaja mabilioni yaliyotolewa hazitoshi; tungeambiwa ni awamu ngapi zimelipwa, na kila moja imechelewa siku ngapi.

Kuna anayeuliza: kama pesa inafika hatimaye, kuchelewa kunadhuru nini? Ghana ina jibu. Tathmini ya LEAP, mpango wao wa kuzipa kaya maskini fedha, katika kipindi ambacho malipo yalikaa muda mrefu kisha yakaja kwa mkupuo, haikuona matumizi ya kaya yakipanda. Kilichoonekana ni madeni kupungua na akiba kuongezeka. Ukifikiria dukani, unaelewa. Unga, mafuta na sabuni vilishachukuliwa kwa mkopo miezi iliyopita, vikaandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Sh8,000 zikiingia kwa pamoja zinafuta daftari. Mtoto aliyekosa chakula cha mchana Februari hali chakula hicho Juni, na yule aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare hapewi tena mihula aliyoikosa. Mlezi asiyejua tarehe hapangi chochote. Anakopa kidogo, kwa bei ya juu, kwa yeyote atakayemkubalia. Kiasi ni kilekile, kazi iliyofanya ni nyingine kabisa.

Na kiasi chenyewe nacho kimeachwa kiyeyuke. Ruzuku imesimama kwenye Sh2,000 kwa mwezi tangu 2011/12. Chukua mfumuko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka, ambao ni wastani wa chini kwa Kenya, na baada ya miaka 13 pesa hiyo inanunua kile kilichonunuliwa kwa chini ya Sh1,000 wakati ule. Tena ni kwa kaya, si kwa mtoto: wakiwa wanne, ni kama Sh16 kwa siku kwa kila mmoja. Kwamba kiwango hakiwezi kupandishwa, HSNP, mpango wa ruzuku ya kukabili njaa huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, inakanusha. Ilianza na Sh2,150 kila miezi miwili mwaka 2009 ikapandishwa hatua kwa hatua hadi Sh5,400 kufikia 2016.

Wanaopinga wana hoja moja ninayoikubali bila sharti: orodha ya wanaolipwa ina kasoro. Akaunti zilizolala, vitambulisho visivyolingana na rejista, walezi waliofariki bila mbadala kuandikishwa. Kulinda malipo bila kusafisha orodha ni kulinda makosa pia. Lakini kazi hiyo ni ya afisa wa watoto na chifu, na nayo inahitaji mafuta ya gari na posho, vifungu vya kwanza kukatwa kwenye bajeti ya ziada.

Mambo haya yanagusa hata mageuzi ambayo serikali yenyewe inajivunia. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya kambo na kafala, yaani malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu, na mkakati wa kitaifa wa 2022 wa mageuzi ya malezi unataka watoto watoke kwenye makao ya watoto warudi katika familia. Shangazi anayempokea mtoto anapokea na gharama zake. Malipo yakikatika miezi mitatu, makao ndiyo yatakayokuwa na chakula.

Kwa hiyo kinachodaiwa ni kidogo kuliko kinavyodhaniwa. Kiwango kingebaki kuamuliwa na Bunge kila mwaka, na waziri angebaki na uhuru wa kukikata, mradi akikate waziwazi, kwa kura. Kilichokwisha kuidhinishwa kiwe na tarehe ya kutolewa, kitangulie matumizi ya safari na mafunzo ya maafisa mapato yanapopungua, na awamu iliyovuka Juni 30 iandikwe kama deni katika mstari wake, nje ya mgao mpya.