Shimo la mawe lifungwe, ila funguo wapewe waokoaji kwanza

Vijiweni hapa Arusha kuna wazo ninalolikubali nusu: lichukuliwe shimo moja la mawe lililoachwa na kujaa maji, lisafishwe, liwe mahali pa kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Anayetaka kuingia awe na kibali. Wapinzani wanauliza kwa nini maji ambayo ng'ombe wamekuwa wakinywa yawekewe geti. Wanaoliunga mkono tayari wanahesabu dola za watalii. Dereva wangu wa bodaboda alipolisikia alicheka: "Kaka, yaani mtu alipe ili akazame?"

Geti mimi silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni foleni inayopangwa nje yake.

Shimo la mawe halifanani na ziwa. Mashimo mengi ya moramu kuzunguka Meru hujaa masika na kukauka kiangazi, kwa kuwa udongo wa volkano hunywa maji haraka. Yanayobaki na maji mwaka mzima ni yale yaliyochimbwa mpaka kuyafikia maji ya ardhini, na hayo ndiyo hatari. Kuta zake ni wima. Hakuna ufuko wa kukanyaga, hatua ya pili tu umeshapoteza ardhi. Chini kuna nyaya, mabati, vipande vya mashine, na vumbi laini la mawe ambalo likipigwa na pezi moja la mguuni linapanda, nawe huoni hata kipimo cha hewa kilicho mkononi mwako. Hata kwenye ukavu mashimo haya yanaua: Aprili 2013 ukuta wa machimbo ya moramu huko Moshono uliwafukia watu waliokuwa wakipakia, na zaidi ya kumi walifariki.

Uingereza wana mifano miwili ninayoirudia kila nikibishana na watu kuhusu jambo hili. Stoney Cove, katika jimbo la Leicestershire, ilikuwa machimbo ya mawe magumu. Chemchemi ziliwasumbua wachimbaji muda wote, wakawa wanayavuta maji kwa pampu, na uchimbaji ulipokoma mwaka 1958 maji yakapanda. Wachimbaji walikuwa wameacha ngazi pana: ya kwanza kwenye mita sita au saba, nyingine kwenye ishirini na kitu, chini kabisa karibu mita 35. Mwanafunzi anaanzia ngazi ya juu, akikomaa anashuka. Kuna geti, kuna ada, kuna watu wa uokoaji, na vizazi vya wapiga mbizi wamefundishwa pale.

Mfano wa pili ni Dorothea, kule Wales, shimo la machimbo ya mawe ya kuezekea lililofungwa mwaka 1970. Kina chake kinapita mita 100. Kwa miaka mingi watu waliingia humo bila utaratibu wowote wa maana, wakivutwa na kile kina, na wengi hawakutoka. Yote mawili ni mashimo ya mawe yaliyojaa maji baridi ya nchi ileile. Kwa hiyo mtu akiniambia geti ni ubaguzi, namtajia Dorothea.

Kwetu kuna jambo la ziada ambalo hao Waingereza hawalazimiki kulipigia hesabu, nalo ni mwinuko. Jedwali za kupiga mbizi, zinazokuambia ukae chini muda gani kwa kila kina, zimetungwa kwa mtu anayeanzia usawa wa bahari. Ukivuka mita 300 juu ya bahari unatakiwa kuzirekebisha, na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la Nungwi, ufukweni Zanzibar. Ukishuka mita 18 hapa, mwili wako uhesabu kana kwamba umeshuka mita 21 baharini. Nitrojeni iliyoingia kwenye damu chini ya maji hutoka kwa pupa zaidi pale hewa ya juu ikiwa nyepesi, na hapo ndipo viungo vinapoanza kuuma, au mguu unakufa ganzi. Halafu maji haya si ya chumvi, kwa hiyo hayakubebi kama bahari: aliyezoea Pemba apunguze risasi za mkandani, yaani vile vizito vya kumzamisha, kilo mbili hivi, la sivyo atakwenda chini kama nanga.

Hata ukishatoka majini, suala la mwinuko halijaisha. Mgeni akitoka shimoni asubuhi, mchana dereva wa safari anampandisha ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Kwa mwili wake hiyo ni karibu sawa na kupanda ndege, na baada ya kupiga mbizi ndege husubiriwa kwa muda wa saa 12 angalau, au 18 kama umezama zaidi ya mara moja. Mpangilio wa safari zetu, wa kubana kila kitu ndani ya siku chache, haujui kusubiri. Hii ndiyo sababu ndoto ya watalii hainisisimui. Watu wa Moshi wanaopokea wageni kutoka Zanzibar wakiwahi kwenda Marangu kupanda Kilimanjaro wanapaswa kuuliza swali hilohilo: mara ya mwisho ulizama lini?

Najua nitaambiwa, kwani maziwa yetu ya kreta, Chala na Duluti, yana kasoro gani? Duluti imezungukwa na msitu wa hifadhi, na ningependa ibaki hivyo, na mitumbwi yake. Chala ina kina kinachozidi mita 90, kuta za kreta, mpaka wa nchi mbili katikati ya maji, na mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba. Sipeleki mwanafunzi pale.

Nani basi aingie kwanza? Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walipona. Wavuvi wale wanastahili kila sifa waliyopewa, lakini hawakuwa na mitungi wala kamba za kazi hiyo. Huku kwetu, Aprili 2024, basi la shule lilisombwa na maji korongoni Muriet, na waliojitosa mwanzo walikuwa majirani. Mikoa isiyo na bahari inazama pia. Askari wa Zimamoto na Uokoaji wa Arusha na Kilimanjaro hahitaji maji mazuri ya Mnemba, kule Zanzibar, ili ajifunze kazi yake. Anahitaji maji meusi, baridi, yenye nyaya, kwenye mwinuko huuhuu atakaofanyia kazi. Shimo la mawe linampa yote hayo, tena likiwa na kuta nne na mlango mmoja.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Siku za katikati ya wiki ziwe za waokoaji na vijana wa vijiji jirani watakaofundishwa nao. Jumamosi walipao waje, wakiwa na vyeti, na saa za kusubiri ziandikwe kwenye fomu ambayo dereva wao naye anasaini. Mifugo ichimbiwe lambo nje ya uzio kabla ya uzio kujengwa, si baada. Na makubaliano yaandikwe yafungwe kwenye ardhi yenyewe, kwa maana leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka saba na wenye mashamba hubadilika. Dutch Springs kule Pennsylvania, machimbo ya chokaa yaliyopokea wapiga mbizi tangu 1980, yalifungiwa umma mwishoni mwa 2021 eneo lilipokuwa linauzwa, na watu waliolizoea walibaki barabarani na mitungi yao.

Mitungi yenyewe lazima ijazwe na kompresa, na kompresa ya hewa ya kupumua si ile ya fundi wa matairi. Ikivuta moshi wa jenereta, sumu inaingia mtungini bila harufu, na mpiga mbizi anazimia huko chini. Ningeanzia hapo kwenye kikao kijacho: kompresa itakaa wapi, itavuta hewa kutoka upande gani, na nani atalipia vichujio vyake.